Ndoo Aliyoirudisha Mheshimiwa

Hatamaliza hata kikao kimoja, walisema. Fundi wa injini za mitumbwi, darasa la saba, oili haitoki kwenye kucha; akisimama mbele ya Spika atapiga saluti badala ya kuuliza swali. Pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, wiki ya uchaguzi, mama mmoja muuza dagaa alimpigia kelele mbele yangu: "Fundi, huko Dodoma hakuna plagi za kusafisha!" Naye akamjibu bila kuinua kichwa, "Zipo, mama. Zimeziba miaka mingi." Hakukosa kikao hata kimoja mpaka ugonjwa ulipomlaza, na Jumanne iliyopita mbunge huyo alifariki nyumbani kwake Buzuruga. Wale wale waliosema hatamaliza ndio waliosukumana kubeba jeneza.

Mimi alinijia kwa sababu ya kalamu. Wasomaji wangu wanajua sioni haya kulisema: mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba, niliondoka na sanduku la mbao, nikaosha vyombo ughaibuni mpaka nikarudi na diploma niliyoilipia mwenyewe, nami nimeitundika pale ambapo kila mgeni ataiona. Mheshimiwa aliiona. "Ndugu yangu," akasema, "mimi ninayo maswali, wewe unayo nguo ya kuyavalisha." Watu hudhani kazi ya mbunge ni kugonga meza. Kazi yenyewe ni karatasi: swali huandikwa na kupelekwa mapema, wizara hutayarisha jibu, na siku yake ikifika mbunge hupata dakika chache za kusimama. Yeye aliongeza desturi yake mwenyewe. Aliazima vitu. Kasia lililovunjika, kipande cha wavu, daftari la zahanati lililoliwa na mchwa, vyote alivipandisha treni kwenda Dodoma, akamwekea waziri husika mezani ofisini kwake. Mwenye kitu akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Bado kinafanya kazi. Tukijibiwa, nitakirudisha."

Kitu kizito kuliko vyote kilikuwa ndoo. Katika kijiji kimoja cha ufukweni, magugu maji yalikuwa yamefunika ukingo wote kama mkeka wa kijani, nene kiasi kwamba kuku hutembea juu yake, na chini ya mkeka huo wakaingia mamba. Akina mama hawakuwa na pengine pa kuteka maji. Binti wa mama mmoja mjane aliteremka asubuhi, ikapatikana ndoo tu, imebonyea ubavuni. Nyuma ya nyumba hizo hizo lilipita bomba jipya la maji kwenda kiwanda cha minofu ya samaki. Lilifukiwa kwa muda mfupi kuliko msimu mmoja wa pamba, kwa kuwa mwekezaji alikuwa na haraka. Mjane alikuwa amebakiwa na binti mmoja, na kila alfajiri binti huyo ndiye aliyeteremka kwenye magugu yale yale. Nilikuwepo alipomkabidhi mheshimiwa ile ndoo. "Ichukue, baba," alisema. "Lakini uirudishe na maji."

Swali hilo niliandika mimi, na nililiandika vizuri mno. "Kwa kuwa magugu maji yameenea; na kwa kuwa mamba wameongezeka; na kwa kuwa bomba la kiwanda linapita kijijini; je, Serikali ina mpango gani?" Mheshimiwa alilisoma mara mbili. "Halijawa refu?" Nikacheka. "Mheshimiwa, swali la msomi haliendi kwa mguu mmoja." Taarifa ya kikao niliisoma mwenyewe. Wizara ya kwanza ilisema bomba inalijua, ila hatari iliyotajwa ni ya mamba, nao si wake. Ya pili ilisema mamba wanafuata magugu, nayo yana wizara yake. Ya tatu ikaahidi kwamba wizara zote zitashauriana. Wabunge wakacheka, likaitwa swali linalofuata. Wakati zikishauriana, mvua zikaja, magugu yakasogea hadi kwenye mawe ya kufulia, na akachukuliwa mama mwingine, jirani wa yule mjane. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia kuuliza vibaya ni nini.

Nimefika pale mara kadhaa tangu hapo. Ukisimama ukingoni husikii maji. Unasikia majani yakisuguana, na mgongoni unasikia kishindo cha malori ya kiwanda. Tuliambiwa soko huria litafungua kila mlango, na kweli milango mingi imefunguka. Lakini naona kila mlango una mwenyewe, na anayebisha hodi huelekezwa wa jirani. Bomba lina mwenyewe. Samaki ana mwenyewe. Mamba peke yake ndiye asiyeuliza mwenyewe ni nani.

Majuma matatu kabla ya kufa, mheshimiwa alipakia vitu vyote kwenye pikapu akaanza kuvirudisha. Buhongwa alirudisha daftari. Kirumba alirudisha kasia na wavu, na yule yule muuza dagaa, safari hii bila utani, akaninong'oneza, "Mtu akirudisha vyote siku moja, anaaga." Nilipanda naye hadi kijijini. Ndoo alikuwa ameijaza maji ya bomba la nyumbani kwake, ameifunika kwa sahani. Njia mbovu ikamwaga nusu. Akapiga goti, yeye mbunge. "Shikamoo, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Marahaba, baba." Mjane alitazama ndani ya ndoo. "Haya ni ya leo," akasema. "Na ya kesho?" Binti yake alikuwa ameshasimama mlangoni na ndoo nyingine.

Mheshimiwa aliirudishia ndoo sahani yake, akaaga. Tulipofika kwenye gari akanipa karatasi. "Na wewe ulinikopesha. Chukua." Lilikuwa swali langu. Magugu yamefutwa kwa kalamu nyekundu, mamba wamefutwa, na chini, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, mstari mmoja: Je, bomba la kiwanda litafunguliwa lini kwa wanakijiji? "Swali lako lilikuwa na milango mitatu," alisema, akihema. "Kila waziri alitoka kwa ule aliotaka. Mpe mtu mlango mmoja, ndugu yangu, kisha simama hapo hapo."