Sahani ya Jikoni

Juzi mdogo wangu alishuka kutoka Kilembwe, kwetu milimani, na mfuko wa unga wa muhogo, na nyumba yangu hapa Baraka, kando ya ziwa, ikanukia kama zamani. Unaijua harufu ya muhogo uliolowekwa vizuri na kuanikwa juani. Unga ukigusa maji ya moto tu, harufu inaingia sebuleni kabla hujaitwa kula. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, mate yakanijaa mdomoni bila aibu.

Nikuambie kwanza hali yangu. Nina ugonjwa wa sukari. Muuguzi alinipima, akalitazama tumbo langu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema nipunguze mwili. Chai ya sukari na mandazi niache. Bugali, ugali wetu wa muhogo, wali na viazi nikae navyo mbali. Nile samaki, mayai, maparachichi na lengalenga, mchicha wetu. Tangu siku ile mke wangu huniletea mezani sahani yangu peke yangu, samaki mikebuka wa kuchoma na mboga, halafu yeye na watoto wanakwenda kula bugali jikoni, nisikokuona. Wanafanya hivyo kwa kunihurumia, na huruma yao inaniuma.

Mdogo wangu ni mgeni, na ni mwanaume. Kwetu angekula nami mezani. Lakini chakula kilipoiva alisimama.

"Yaya, kula tu polepole," alisema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Miye nitakula na bale batoto kule ku kikoni, juu usione bugali, roho ikuume."

Akaenda jikoni. Nikabaki na samaki wangu wakinitazama, na kule nyuma nikasikia kicheko chake. Wivu ulionishika siku hiyo ninaufahamu. Ni wa utotoni, na ni kwa mtu huyo huyo.

Tulipokuwa wadogo tulikula jikoni kwa nyanya, watoto wote, sahani moja. Jiko lake lilikuwa la udongo, ukuta mweusi kwa moshi, na mafuta ya mawese yalikuwa yamenywewa na sakafu mpaka ikang'aa. Nyanya aliisonga bugali amekaa, chungu amekibana kwa miguu, akiimba kwa pua. Tulinyoosha mikono pamoja. Aliyekata tonge kubwa alichekwa, na aliyechovya mchuzi mara mbili alipigwa kofi mkononi na mwenzake. Tukishiba, nyanya alifungua kopo lake la sukari iliyovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, akalowanisha kidole, akakichovya, akatupaka kila mtu kwenye ulimi. Kidogo tu. Ulifunga mdomo na kunyamaza ili isiishe haraka.

Halafu mwaka mmoja nilianza kwenda shambani na baba, nikiwa na jembe langu dogo. Kwetu mtoto wa kiume akifika hapo anaondolewa kwenye sahani ya jikoni na kupelekwa kula na wanaume barazani. Majirani walinipongeza. Hakuna aliyeniambia kwamba barazani watu wakubwa wanakula haraka, wanazungumza habari za mipaka ya mashamba, na kidole cha nyanya hakifiki. Nilikaa pale na bugali yangu kavu ya heshima, nikisikiliza vicheko vya jikoni. Mdogo wangu alikuwa bado kule. Alikuwa anakula upande wangu wa sahani. Nilimchukia kwa hilo, nakuambia ukweli, kila jioni, na asubuhi nilimbeba mgongoni kwenda mtoni.

Nilipoanza kufundisha na kupata mshahara, nilinunua sukari yangu mwenyewe. Niliitia kwenye chai mpaka kijiko kikawa kizito kuzungusha, na hakuna aliyenizuia. Nikanenepa. Watu ambao walikuwa wamenizoea nikiwa mwembamba walinisimamisha njiani wakimsifu mke wangu: "Mwalimu, unabeba mwili. Bibi yako anakuchunga muzuri." Nilifurahi, nikaongeza mandazi. Nadhani miaka yote hiyo nilikuwa nakitafuta kile kidole, na kwenye kikombe hakikuwamo. Mdogo wangu alibaki Kilembwe akilima na kupanda milima, anakula bugali asubuhi na jioni, na mkanda wake unazunguka kiuno na ncha kubaki.

Basi juzi nilichukua sahani yangu mezani, nikaenda jikoni.

Mke wangu aliivuta bugali akaifunika kwa mfuniko wa sufuria, kama mtu aliyekamatwa.

"Baba, munganga alikataza," mke wangu alinikumbusha maneno ya muuguzi.

"Sikuje kuikula."

Mdogo wangu alinitazama, mkono mmoja umeshika tonge. "Yaya, banaume habakuliaka mu kikoni."

"Na weye ni nani?"

Watoto walicheka, na mke wangu akageuza uso kuficha kicheko chake. Nikavuta kigoda, nikakaa kati ya mdogo wangu na binti yangu wa mwisho, nikaweka samaki wangu karibu na sahani yao.

"Funua," nilimwambia mke wangu. "Mukule. Nione."

Wakala. Jiko la nyanya lilianguka siku nyingi, na siku hizi watoto wengi wa mtaa wetu wanakula kila mmoja na sahani yake, amekaa pembeni na simu. Mimi bugali sitakula tena kama zamani, hilo nimelimeza. Nilikuwa naangalia mkono wa mdogo wangu: anakata, anaviringa, anabonyeza kwa kidole gumba, anachovya, anapeleka mdomoni na kufumba macho. Nilimwonea wivu mpaka machozi yakanilengalenga. Alipomaliza nikamwomba asirudi Kilembwe kesho yake kama alivyopanga, akae, tule tena.