Siku Jiko Linapozimwa

Kwa mwaka mzima kuna siku moja tu ambayo jiko la Eduvina Chiguay huzimwa. Siku nyingine zote, joto liwepo lisiwepo, moto haufi: usiku anaufukia kwa majivu, alfajiri anaufukua, anauwekea kipande kikavu cha kuni ya mti wa luma, nao unaamka. Lakini ikifika Aprili, viazi vikishatoka shambani na upepo wa kaskazini ukianza kuleta mvua yake ya kuudhi, lazima bomba la moshi lisafishwe kabla baridi yenyewe haijabisha hodi. Masizi yakijaa bombani hushika moto ndani kwa ndani, na nyumba za kisiwa hiki cha Quehui ni mbao tupu, bati liko paani peke yake. Hapa kila mtu ameshaona nyumba ikiteketea huku wenyewe wamesimama uani na blanketi moja.

Basi asubuhi hiyo jiko lilikuwa baridi. Eduvina, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mfupi, mbishi, sweta mbili mwilini na aproni juu yake, alizunguka jikoni kwake polepole kana kwamba ni mgeni. Kumbe jiko husema siku nzima, ila hujui mpaka linyamaze. Birika lilikaa kimya. Nje ukungu ulikuwa umeifuta bahari, ukaufuta uzio, ukalifuta hata shina la mtofaa, yakabaki matofaa matatu mekundu yaliyoning'inia hewani yasijulikane yameshikwa na nini. Harufu ya mvua na ya majivu yaliyopoa ilimpa usingizi ambao si usingizi. Alihisi akigeuka ghafla atamkuta marehemu mama yake kwenye benchi, anamenya viazi. Akageuka. Hakukuwa na mtu. Aliona haya kidogo, akaendelea kutandika magazeti sakafuni.

Kusafisha bomba ni kazi ya watu wawili, mmoja paani anayeshusha kamba na mmoja chini anayeziba mlango wa jiko kwa vitambaa, na wanazungumza kupitia bomba lenyewe. Wa paani alikuwa kaka yake, Baudilio, mzee wa miaka sabini na sita anayekaa ng'ambo ya uzio, hatua thelathini hazifiki. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa, isipokuwa siku hii. Baudilio huja na ngazi yake, hapiti mlangoni, hasalimii, anapanda. Watu wakimuuliza anasema, "Nyumba ni ya mama. Huyo aliyemo ndani, shauri yake." Halafu kupitia bomba anauliza, "Umeziba?" naye Eduvina anajibu, "Nimeziba." "Nashusha." "Imefika." "Tayari?" "Tayari." Kwisha, mpaka mwakani. Maneno hayo yote hayajazi kiganja, lakini Eduvina huyangoja mwaka mzima, na ukimwambia hivyo atakutimua kwa ufagio.

Jana yake jirani yao Orfelina alikuja kula milcao, ile mikate ya viazi, akaitoa habari huku anatafuna.

"Mwenzangu, umesikia? Kaka yako anasema mwaka huu ndio mwisho. Magoti yamegoma. Mwakani ataleta fundi kutoka mjini Castro."

"Amlete. Kwani mimi nimemshikia fimbo?"

"Haya, jifanye jiwe."

"Kula, Orfelina. Mdomo wako ukikosa kazi unajitafutia."

Orfelina alicheka, akala wa pili. Lakini alipoondoka, Eduvina alikaa na sahani mkononi mpaka mafuta yakaganda. Mwakani atakayekuwa bombani ni mtu baki. Na yeye ana jambo la kumwambia Baudilio, na mlangoni kwake hawezi kwenda, maana amejaribu mara nyingi na kila mara miguu inamrudisha kutoka kwenye uzio. Asiposema kesho atakwenda nalo kaburini.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yao alipokuwa anakufa, Baudilio alikuwa mbali, upande wa Argentina, akikata manyoya ya kondoo kwenye mashamba ambayo barua hazifiki. Aliyeko huko anaitwa kwa redio: unaandika ujumbe, mwenye mashua anaupeleka stesheni, saa sita mchana unasomwa, na hata kama mhusika hakusikia, kuna atakayemwambia. Mama aliomba aitwe. Eduvina aliuandika ujumbe siku hiyo hiyo, maneno kumi na moja, akautia mfuko wa aproni. Ukakaa humo siku tisa. Mashua ilikwenda na kurudi mara nne. Siku ya kumi mama akafa. Baudilio alizipata habari baada ya miezi miwili, kwa mtu wa kupita tu. Alipofika kaburi lilikuwa limeshaota majani. Akamuuliza dada yake pale getini, mbele ya watu, kwa nini hakuitwa. Eduvina akamwambia ujumbe ulipelekwa, labda redio ndiyo haikuusoma. Alimtazama usoni akamwambia hivyo. Baudilio hakuamini, lakini hakuwa na la kushika.

Ngazi iligonga ukuta. Hatua zikapanda, nzito, zikipumzika kila baada ya tatu. Bati likalia juu ya kichwa chake, kifuniko cha bomba kikatolewa, na mwanga mdogo wa kijivu ukashuka mpaka ndani ya tumbo la jiko, mahali ambapo Eduvina alizoea kuona moto. Aliutazama mwanga huo, kisha akafunga mlango wa jiko na kuuziba kwa vitambaa vilivyolowekwa maji.

"Umeziba?"

Sauti ya kaka yake ilitoka kwenye chuma, ya karibu kabisa, utadhani amelala humo.

"Nimeziba."

"Nashusha."

Kamba ikashuka na mnyororo wake na fungu la matawi ya miiba, ikapanda, ikashuka. Masizi yakaanguka kwa mchakacho laini kama wa mvua juu ya mchanga. Licha ya vitambaa vyote, mengine yalipenya, yakaelea jikoni bila haraka, yakatua kwenye birika, kwenye mikono yake, kwenye picha ya mama ukutani. Eduvina aliyaacha. Kwa kitambo ilikuwa kama yeye na jiko na mtu wa juu wamo ndani ya pumzi moja.

"Tayari?" Baudilio akauliza.

Hapa ndipo kila mwaka hujibu. Mwaka huu alipiga magoti, akaondoa kitambaa, akafungua mlango wa jiko akaingiza kichwa.

"Baudilio."

"Nini? Imekwama?"

"Haijakwama. Mama alikuita."

"Nani ananiita?"

"Mama. Siku zile. Sikuupeleka ujumbe."

"Sikusikii, wewe! Kuna upepo huku. Sema kwa nguvu!"

Maskini Eduvina. Miaka kumi na tisa alikuwa amejiandaa kunong'ona. Alivuta pumzi iliyojaa masizi, akakohoa, akapiga kelele mpaka mbwa wa Orfelina akabweka.

"Mama aliomba uitwe! Ujumbe niliuandika nikaukalia! Nilikudanganya!"

Ng'ambo ya njia ufagio wa Orfelina ulinyamaza. Kipande kimoja cha masizi kilishuka polepole kwenye ule mwanga, kikamtua kwenye kope.

"Siku ngapi?" sauti ikauliza, chini kuliko kwanza.

"Tisa."

"Na mashua ilikuwapo."

"Ilikuwapo."

"Mbona, Eduvina?"

Hilo ndilo hakuwa amelipangia maneno. Likatoka lenyewe.

"Miaka minne nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi. Nilijua ukiingia tu atakaa kitandani acheke, aseme mwanangu amekuja, na mimi nitarudi kuwa mkono unaoleta maji. Nilitaka aniangalie mimi. Hata siku chache."

Alilia humo humo ndani ya jiko, kwa sauti, bila kujificha. Ulikuwa ni uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na raha ya mtu aliyetua mzigo, na raha hiyo ikamtia aibu zaidi. Alidhani Baudilio ameshaondoka. Lakini kamba ilitikisika kidogo.

"Aliponiita," sauti ikasema, "alisemaje? Maneno yake hasa."

"Siku ya mwisho alidhani umefika. Alitazama mlangoni akasema, Baudi, vua viatu huko huko nje, umeniletea tope lote la Argentina. Akacheka. Mimi nikamwambia, ndiyo mama, anavua."

Kamba ikapanda yote. Kifuniko kikarudishwa, mwanga ukakatika. Ngazi ikalia, hatua zikashuka, nyingi, za taabu. Kila mwaka hatua hizo hugeukia uzio. Eduvina, magoti bado sakafuni, alizisikiliza zikifika chini, zikisimama, zikija. Zikaishia mlangoni. Halafu kitu kizito kikaanguka ubaoni, na baada ya muda kingine.

Mlango ulifunguka. Baudilio alisimama na soksi za sufu, kidole gumba cha kushoto kikichungulia, uso wote mweusi.

"Sijasema nimekusamehe," alisema.

"Sijasikia ukisema."

"Alikuwa amelala wapi?"

Eduvina alimwonyesha: pale karibu na jiko, palipo benchi sasa, kichwa upande wa dirisha. Baudilio akaenda akakaa hapo hapo, mikono juu ya magoti mabovu. Hakumtazama dada yake. Aliutazama mlango, akautazama muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuvua viatu aingie.

Eduvina alipanga vijiti vyembamba, juu yake luma, akawasha. Bomba likavuta vizuri.