Siku Niliposimamisha Meli ya Sukari

Upepo ukigeuka hapa Nakuru, harufu ya pareto, yale maua ya kuulia wadudu, huingia mpaka ndani ya nyumba. Ni harufu kavu, chungu kidogo, inayokaa kooni kama vumbi la dawa. Juzi iliingia nikiwa nafua, na shemeji yangu, kaka wa mume wangu, amekaa mlangoni akinywa chai yangu. Akaniuliza, "Shemeji, hiyo historia ya Wazungu uliyosoma inafua nepi?" Akacheka peke yake. Sikumjibu, maana mtoto alikuwa amelala. Nawajibu nyinyi.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya vibarua, shamba la Mzungu mmoja juu ya Ndabibi. Mama alichuma pareto, nami kila likizo nilichuma naye. Asubuhi umande ulitulowesha mpaka magotini, na ilipofika saa nne vidole vilikuwa vya manjano na vinawasha. Wanawake walikwenda kwa mistari, kikapu kiunoni, na katika mistari ile kulikuwa na sheria ambayo bwana shamba hakuijua. Aliye mbele akisikia mtu akiita, "Na wa nyuma je?", aligeuka, akarudi akichuma kumwelekea aliyebaki. Mwanamke aliyeachwa peke yake katikati ya shamba alikuwa chakula cha nyapara: angemtukana mbele ya wanawe, kisha angemfukuza kazini. Kwa hiyo hakuna aliyemaliza mstari peke yake. Mama alisema, "Mdomo usiouliza hula makapi," na yeye ndiye aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikaenda shule ya bweni ya wasichana na masikio yangu yakiwa bado shambani.

Mwaka ule darasa letu lilikuwa linagawanywa. Wachache wangeendelea na historia mpaka mtihani. Wengine wangepelekwa kushona mapazia na kuoka keki. Mimi niliitaka historia kama mtu anavyotaka maji. Mwalimu wake alikuwa Mwingereza mrefu, tuliyemwita Misi Kofia kwa sababu hakuivua hata ndani ya darasa. Alifundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alituchorea ubaoni bahari ya Atlantiki: Ulaya juu, Afrika chini, visiwa vya miwa upande wa pili. Akapiga mshale wa kwanza, vitambaa na bunduki kuja Afrika. Akapiga wa pili, kutoka Afrika kwenda visiwani, akaandika juu yake "vibarua". Akapiga wa tatu, sukari kwenda Ulaya, na hapo akachangamka, akaanza kutusimulia majumba yaliyojengwa kwa sukari ile, na wafalme, na vikombe vya chai.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Na wa nyuma je?"

Nilipaza sauti kama niko shambani. Nusu ya darasa, mabinti wa kambi kama mimi, wakapasuka kwa kicheko. Chebet, mtoto wa mchunga ng'ombe wa Gilgil, akaning'oneza, "Nekesa, leo unashona pazia!"

Misi Kofia akaweka chaki chini. "Nani wa nyuma?"

"Hao wa mshale wa pili, Misi. Umewapita."

Akanionyesha ubao. "Ijumaa utasimama hapa utueleze wewe. Ukishindwa, utakwenda kwenye ushonaji."

Wiki ile niliisoma maktaba yetu ndogo mpaka macho yakaniuma. Kitabu kimoja kilikuwa na jina la meli, jina la nahodha, na hata jina la mbwa wa nahodha. Watu waliolazwa chini ya sitaha, wamebanwa kama magunia ya viazi, hawakuwa na jina hata moja. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula ugali wa jioni.

Ijumaa nikasimama. Sikuanzia Ulaya. Nilianzia chini mle, gizani, kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nikawapeleka wenzangu mpaka kwenye miwa, kwenye kengele ya alfajiri, kwa msimamizi mwenye mjeledi. Nikisita tu, Chebet anaita kutoka nyuma, "Endelea, mama, nyapara asije!"

Halafu Misi akauliza swali lililokusudiwa kunimaliza. "Na ni nani aliyewauza kule pwani, Nekesa?"

Nikamwambia, "Weusi wenzao, Misi. Hata kwetu, nyapara hatoki Uingereza. Lakini shamba si lake."

Misi Kofia aliinuka, akauchora upya ule mchoro wake. Kwenye mshale wa pili hakuandika "vibarua" tena. Aliandika "watu". Kisha akasema, "Kaa chini. Utafanya mtihani."

Niliufanya, nikaupita, na nikawa wa kwanza katika kambi yetu kupita mtihani wa aina hiyo. Mama alitembea nyumba kwa nyumba akitangaza habari za Atlantiki kama mtu aliyerudi kutoka huko.

Lakini kuna jambo sikulielewa Ijumaa ile. Nikitoka darasani, Misi aliniambia taratibu, bila ubaya, "Una hasira nyingi mno kwa mtu anayesoma mambo yaliyokwisha." Nikainamisha kichwa, nikamwomba msamaha.

Nilikuwa mtoto. Sikujumlisha mambo mawili. Wiki ile ile baba alitaka kuja kunitazama, akaenda kwa bwana shamba kuomba kibali cha kutoka, maana bila karatasi ile angekamatwa barabarani. Alisimama nje ya veranda, kofia mkononi, mtu mzima mwenye watoto sita, akaambiwa arudi kazini. Nami nilikuwa kilomita chache tu kutoka hapo, namwomba Misi anisamehe hasira ya mambo "yaliyokwisha".

Msamaha ule naudai. Naomba nirudishiwe.