Jumamosi Nairobi Ilikuwa Inapotea

Kila Jumamosi, ikifika saa nne asubuhi, Nairobi ilikuwa inapotea duniani. Hakuna mlipuko, hakuna mtu wa kutangaza kwa habari. Ndege zenye zilikuwa zinaonekana poa juu ya Ngong na Limuru zinazimika moja moja, ramani ya ndege ya mtandao inabaki tupu kutoka Kisumu mpaka Mombasa. Saa tisa hivi zinarudi, kama watu wametoka lunch.

Wenye walikuwa wanajua hii maneno labda ni watu mia mbili dunia nzima. Mmoja wao alikuwa Kisilu, msee wa kupokea wagonjwa kwa kliniki ya meno hapo Hurlingham. Miaka ishirini na saba, mrefu, mpole, na hajawahi kupanda ndege, hata ile ya watoto huletwa wakati wa show ya kilimo pale Jamhuri.

Ugonjwa ulimshika 2007, kwa kompyuta ya kliniki. Alipata tovuti ya wazungu yenye unaweza kusikiliza marubani wakiongea na watu wa kuongoza ndege, live, New York ama Dublin, vile unasikiliza mpira. Akaanza kukaa na earphone kwa sikio moja. Baada ya miezi mbili ulimi ulikuwa umeshageuka. Mgonjwa anauliza kama daktari ako, Kisilu anamwambia "stand by", vile rubani huambiwa asubiri. Mwihaki, msaidizi wa daktari mwenye alikuwa anakaa kando yake, hakumpatia nafasi ya kupumua.

"Kisilu, mzee wa kiti cha pili anasema jino inamuua. Atue, ama azunguke juu kwanza?"

Pia alikuwa anamwambia shati zake zinanuka kama zimelala kwa beseni. Kisilu alikuwa anafua usiku akitoka job, anaanika bafuni, asubuhi anavaa vile imefika, hata ikiwa bado mbichi.

Halafu 2009 ikakuja ile ramani. Ndege ikiwa juu hujitangaza yenyewe na redio: mimi ni nani, niko urefu gani, naenda wapi. Mtu ako na kisanduku na antena akiwa chini anaishika hiyo habari, anaituma kwa mtandao, ndege inatokea kwa ramani kama kaalama ka njano. Kwa tovuti ya hiyo ramani, Kenya nzima haikuwa na mtu mwenye kisanduku. Kisilu akaandikia wenyewe, wakamtumia kisanduku cha kuazima, kadogo kama lunchbox, na antena urefu wa rula mbili. Masharti ilikuwa moja: signal isikatike katike.

Alikuwa anaishi Jamhuri, nyumba nambari kumi na nne, floor ya mwisho. Jumapili moja jioni alipanda rooftop, akafunga antena juu ya mlingoti wa chuma, akashusha waya mpaka dirisha lake, akachomeka modem. Caretaker hakuambiwa. Kesho yake Nairobi ilikuwa kwa ramani, na chini yake imeandikwa Kisilu. Jina lake lilikuwa limeandikwa mahali pengine mbili tu, kadi ya ubatizo na payslip.

Ndio Jumamosi zikaanza kuharibika.

Kulikuwa na jamaa wa Kampala kwa chat ya hao watu wa ndege, mwenye alikuwa ameomba kisanduku akakipata Kisilu. Huyo hakuacha kitu ipite. Jumamosi ya kwanza aliuliza kama ndege za Nairobi ni Wasabato. Kisilu akasema ni stima imepotea. Jumamosi ya pili, stima tena. Ya tatu jamaa akaandika kwamba anaheshimu sana stima ya Kenya, hakuwa anajua iko na kalenda. Watu wa Brazil kwa hiyo chat wakacheka. Kisilu alikuwa job mpaka saa kumi, na kila akifika home anapata antena imesimama wima, kavu, haina makosa yoyote.

Alhamisi ikaingia email ya wenye tovuti, na heshima zote. Wanashukuru sana, lakini ikikatika tena hivyo, watamwomba akitume kisanduku Kampala, kuna rafiki ako tayari. Kisilu aliisoma mara nne. Rafiki ako tayari. Alikuwa anamjua.

Jumamosi hiyo, saa tatu na nusu, alimwomba Mwihaki amshikie meza.

"Nikiulizwa uko wapi?"

"Sema nimeenda kuangalia signal."

"Nitasema ni jino," Mwihaki akasema. "Hiyo wataelewa."

Alipanda matatu akashukia stage ya Adams, akamalizia na mguu akipita mbio mbio kama mtu ameacha jiko imewaka. Alifika rooftop saa nne na dakika kumi.

Antena haikuwa inaonekana. Mahali pake kulikuwa na hema: blanketi ya red, ile nzito ya kulalia watu wawili, inachuruzika maji. Annah alikuwa anatupa ya pili juu ya ya kwanza. Huyu Annah alikuwa mama fua wa nambari tisa, mama wa makamo kutoka upande wa Machakos, na Kisilu alikuwa amemsalimia kwa ngazi kila wikendi bila kujua anafanyanga nini huko juu.

"Mama, hiyo kitu iko chini ni yangu."

"Gani? Hii fimbo?" Annah akainua pindo ya blanketi akaangalia. "Mimi nilifikiri ni caretaker ameweka ya kuzuia blanketi isiguse simiti. Nikasema leo huyo mtu amefikiria wengine."

"Inashikanga ndege."

Annah aliangalia juu, akaangalia blanketi, akarudi kwa Kisilu. "Ngapi?"

"Kama mia kwa siku."

"Na unazipeleka wapi?"

Kisilu akamwomba tu kama anaweza kuanika pahali pengine.

"Kijana, hii kamba ni ya tisa. Wewe ni wa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Yako ni ile."

Ilikuwa kona ya mwisho, kando ya tangi ya maji. Kamba imelegea, vibanio vitatu vya mpangaji mwenye alihama zamani vimechomwa na jua mpaka vikawa vyeupe. Kila mlingoti ulikuwa umepakwa nambari ya nyumba. Ile tisa ilikuwa hapo, rangi ya bluu, na Kisilu alikuwa amefunga waya juu yake.

"Umekaa hapa muda gani?" Annah akauliza.

"Miaka tatu."

"Na nguo unaanikanga wapi?"

"Bafuni."

"Ndio maana," Annah akasema, akiangalia shati yake.

Kisilu alipiga hesabu. Akibishana, mwenye nambari tisa atajua. Akijua, caretaker atajua. Hapo kwa ploti familia nzima ilishawahi kuhama sababu ya ugomvi wa kamba ya nguo. Akachukua spana, Annah akamshikia blanketi isimwagie maji kichwani, na antena ikahamia kumi na nne.

Shida ya kumi na nne ilikuwa tangi. Lita elfu tano, imekaa mashariki, katikati ya antena na uwanja wa ndege. Bado anakaza waya wakasikia mlio wa ndege upande wa Dagoretti.

"Hiyo umeishika?" Annah akauliza.

"Imetoka Entebbe. Wacha nione."

Alishuka kwa nyumba yake, kwa kompyuta. Ndege ilikuwa hapo, njano, safi, inakuja polepole. Ikapita Karen, ikashuka, na ikibakisha dakika nne itue ikafika nyuma ya tangi. Ikazimika.

Kisanduku hakikuenda Kampala. Signal ilikaa Jumamosi nzima, na iliyofuata, na wenye tovuti wakaandika asante. Jamaa wa Kampala naye hakulala. Aliandika kwamba sasa ndege za Nairobi zinafanya kazi siku saba, hongera, lakini hakuna hata moja inatua, kwani mnazipeleka wapi? Hiyo swali Kisilu alikuwa ashaisikia. Akaandika "stand by", akapanda juu kuanua shati zake.

Alikuwa na shati sita. Kamba ya kumi na nne ilikuwa inatosha tano, ya sita ingefika kwa antena. Hiyo alikuwa anaiacha bafuni, anaivaa siku ya mwisho ya kazi. Mwihaki hakuhitaji kalenda: ikimfikia harufu ya beseni, alikuwa anajua imefika Jumamosi.