Chungu cha Mahameni

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kwamba ardhi nayo ni somo la darasani, nilijua jambo moja tu kuhusu vyungu vya mahameni. Bibi, mama yake baba, alinifundisha tukiokota kuni nje ya Kongwa, pale zilipokuwa nyumba zao za tembe kabla watu hawajahamishiwa kijijini kando ya barabara. "Ukikuta chungu kimelala kifudifudi ardhini, kiache," aliniambia kwa Kigogo. "Atakayekihamisha atasikia kilio." Nikamuuliza, kilio cha nani? Akanitwisha mzigo wangu, tukaondoka.

Nikafika darasa la tano, enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa sabuni za kutoka nje. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu wa Kilimanjaro, hajui Kigogo hata cha salamu, lakini alilipenda somo lake kupita kiasi. Akamwalika dada mmoja wa chuo kikuu aje atufundishe kuchimba mambo ya kale. Dada yule alifunga kamba kwenye vigingi, akayagawa yale mahame vyumba vidogo vya mraba, akatupa miiko ya waashi na brashi za rangi. Tusifukue kama tunatafuta viazi, alisema, tukwangue taratibu. Niliipenda kazi ile mno. Mungu anisamehe, naipenda hata sasa ninapoikumbuka.

Siku ya tatu mwiko wangu uligonga kitu. Nikapiga brashi, likatokea tako la chungu, jeusi kwa masizi. Kimelala kifudifudi.

Ningeweza kusema. Lakini mwalimu alikwisha kunipigia makofi, darasa zima likafuata, na mimi niliyezoea kupigwa makofi ya aina nyingine kabisa nikavimba kichwa. Chungu kikainuliwa pamoja na udongo wake, kikafungwa kitambaa, kikaingizwa kwenye katoni ya sabuni. Dada akaandika namba juu yake.

Ndipo bibi akatokea. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuja mbiombio, kanga imemlegea begani, akasimama mbele ya katoni.

"Shikamoo, bibi," mwalimu alisema.

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia karanga. Akanyoosha kidole. "Chungu hiki. Mwanangu."

"Ndiyo, bibi. Chungu cha kale sana hiki."

"Mwanangu," alirudia. "Mwanangu, mwalimu."

"Nakusikia, bibi. Kitatunzwa vizuri mjini. Na hongera kwa mjukuu wako."

Mwalimu alidhani yeye ndiye anayeitwa. Wazee wengi humwita kijana yeyote hivyo, simlaumu. Lakini bibi hakuwahi kumwita mwalimu mwanangu; kwake mwalimu alikuwa mwalimu, hata awe mdogo kuliko baba. Nikaelewa. Niliwahi kuwasikia wanawake kinuni wakisema kwamba baba hakuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwapo mmoja aliyezaliwa kimya, akazikwa bila jina.

Bibi akanigeukia. "Mwambie," akasema kwa Kigogo.

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyejua Kiswahili kuliko wote. Nilifungua mdomo. Mwalimu alikuwa ananitabasamia, fimbo kwapani, wenzangu wote wananitazama. Nikabaki nimesimama pale tu, mdomo wazi, mpaka gari la chuo likawashwa na kuondoka na katoni.

Bibi hakunigombeza. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Alipofika akaketi kando ya mafiga, moto haujawashwa, akalia kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kama anayo. Miaka yote nilidhani kilio kitatoka ndani ya chungu.

Bibi amefariki. Mwaka mmoja baada ya kumzika nilikwenda chuoni kukiulizia chungu. Nilimkuta karani, kijana mpole, akaniuliza kinanihusu nini. Nikasema, kwa Kiswahili safi nilichokuwa nacho tangu utotoni, "Humo yumo mtoto wa bibi yangu."

Akafungua daftari, akaniomba namba ya katoni, nami nikakumbuka kila kitu cha siku ile isipokuwa namba.