Komfrei ya Mayu

Blandina alipoolewa Lingeka hakuja na kabati wala godoro la kuringia. Alikuja na mizizi ya komfrei, mmea wa dawa ya vidonda, ndani ya kitambaa kibichi, zawadi ya mama yake wa Nassa, ambaye kila mtu alimwita Mayu. Akaipanda nyuma ya bafu, ikashika. Majani yake mapana aliyaanika kivulini, akayapika kwa moto mdogo kwenye mafuta ya alizeti, akachuja kwa kipande cha kanga na kuyeyushia nta ya nyuki. Wavunaji wa pamba waliifuata dawa hiyo, vidole vimechomwachomwa na maganda. Ila mwenye jeraha la kwenda ndani alimpeleka zahanati. Mayu alikuwa amemwonya Blandina kwamba komfrei hufunga ngozi upesi mno, usaha ukabaki chini.

Mwaka jana Mayu alifariki. Blandina akaenda kuzika, akabaki Nassa mpaka matanga yakaisha. Huku nyuma mumewe, Ngassa, mtu mwema mwenye kasoro ya kumfurahisha mtu bila kumuuliza, akataka mkewe arudi akute shamba liko tayari kwa pamba. Kiangazi kilikuwa kimekausha majani yote ya komfrei, naye akadhani imekufa. Akafunga ng'ombe, akapitisha plau kuanzia nyuma ya bafu, kisha haro ya kusawazisha udongo, mpaka mwisho wa shamba.

Blandina aliporudi alitazama, akamshukuru kwa kazi. Akapika, akacheka panapochekwa. Majirani wakasema msiba kaupokea vizuri. Ngassa naye akalala usingizi wake wote, maskini, akijua amefanya la maana.

Siku moja jirani yao Scola alikuja amejikata mguu kwa jembe, anaomba dawa iliyobaki kwenye kopo la mwisho. Blandina akamkatalia kwa upole, akamweleza kama kawaida: kidonda hiki kitafunga juu, ndani kinaoza. Akayasikia maneno yake kana kwamba anaambiwa yeye. Scola alipoondoka kwenda zahanati, Blandina alikaa palepale, moyo unamuuma kweli.

Jioni ile, Ngassa akiwa na tonge mkononi, Blandina alimwambia.

"Baba Kija, pale nyuma ya bafu ulimlima Mayu. Sina kitu chake kingine."

Ngassa alirudisha tonge kwenye sahani. Blandina akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mumewe akakaa naye mpaka chakula kikapoa.

Mvua zikanyesha, pamba ikaota. Ngassa akaenda kupalilia mapema, akarudi upesi bila jembe.

"Mama Kija, njoo."

Kila kipande cha mzizi kilichokatwa na plau na kuburutwa na haro kilikuwa kimechipua. Komfrei ilisimama katikati ya mistari ya pamba, hapa na pale, mpaka kwenye mpaka wa shamba. Ngassa, ambaye hajawahi kuvumilia jani geni kwenye pamba yake, alichuchumaa akaanza kuung'olea nyasi mche mmoja wa komfrei kwa vidole.

"Nilimlima," alisema bila kuinua uso, "naye ameota shamba zima."