Mzee Aliyeongeza Maji Kwenye Gari Langu Dundori

Nikuambie mapema: sikunywa kitu siku hiyo, sina homa ya kichwa, na si mtu wa kuamini kila ninachosimuliwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, kwenye barabara ninayoijua kama kiganja changu. Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu naye alianza kwa kucheka.

Kazi yangu ni kupandikiza mbegu za fahali kwa ng'ombe wa watu. Wakulima huniita daktari, ingawa mimi si daktari. Naishi Lanet, lakini wateja wangu wengi wako juu Dundori, kila mmoja kwa kilima chake, na ng'ombe akiwa tayari hangoji. Kwa hiyo maisha yangu yalikuwa ndani ya kigari kidogo cheupe, na kila petroli ilipopanda bei nilikuwa kama mtu anayemfanyia kazi mwenye pampu.

Nikaanza kujisaidia. Niling'oa kiti cha nyuma ili gari liwe jepesi. Nikatoa tairi ya spea na jeki. Nikaziba sehemu ya mbele kwa kadibodi ili upepo usilishike. Halafu nikaona video kwenye simu: unachukua chupa ngumu ya plastiki, unatia maji na magadi kidogo, unaingiza vyuma viwili vyenye waya kutoka kwa betri. Maji yanatoa mapovu, na ile hewa yake unaipeleka kwa injini kwa mpira mwembamba. Eti injini inakula hewa hiyo na kupunguza mafuta. Nilifunga chupa yangu pembeni mwa betri kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Ilisaidia? Labda kidogo. Labda nilitaka tu isaidie.

Siku yenyewe nilikuwa natoka kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe wanne, saa kumi hivi. Ukungu ulishuka ghafla, kama kawaida ya kule. Gari likaanza kukohoa, likakataa mlima. Nikasimama kando ya shamba la viazi, nikafungua bonet. Chupa ilikuwa kavu na ya moto.

"Gari yako iko na kiu, daktari."

Sikuwa nimesikia hatua za mtu. Alikuwa mzee mrefu, amekonda vibaya sana, koti la mvua likimning'inia kama limetundikwa kwa msumari. Mkononi alikuwa na jerikeni ya maji. Nilimsalimu. Nilidhani ananijua kwa kazi. Watu wengi kule wananijua.

Hakuniuliza. Aliinama akajaza chupa yangu, polepole, bila kumwaga tone. Nikawasha gari. Niamini, halikuwahi kunguruma vizuri namna ile hata siku niliyolinunua.

"Basi nibebe mpaka hapo mbele," akasema.

"Mzee, nyuma hakuna kiti. Na hapa mbele nimeweka mtungi wa mbegu."

"Nitakaa chini. Mimi sina uzito." Akacheka kidogo. "Utakuwa ukinibeba, daktari?"

"Nikikupata njiani nitakubeba, mzee wangu. Hiyo si shida."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Ungesema nini wewe, mtu amekusaidia kwenye ukungu?

Sasa sikiliza. Gari dogo namna ile, likiwa limetolewa kila kitu, hata mtoto akiingia unalisikia likishuka. Mzee aliingia nyuma, mlango ukafungwa, na gari halikutikisika. Nililigundua jambo hilo, nikalipuuza. Tulipofika daraja dogo nikageuka kumuuliza kama ndipo anaposhukia. Hakukuwa na mtu. Na milango ya nyuma ya gari lile ilikuwa haifunguki kutoka ndani.

Ningelitupa ile chupa siku hiyo hiyo. Lakini jioni niliangalia mshale wa mafuta. Haukuwa umesonga. Kesho yake nikaenda Dundori na kurudi, haukusonga. Wiki nzima, halafu ya pili. Kila nikifungua bonet maji yako pale pale, safi, yanatoa mapovu. Hofu yangu ikageuka furaha, nasema kweli. Niliwaringia wenzangu. Nilifika kwa wateja wa mbali ambao zamani niliwakwepa.

Nyambura, mke wangu, ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Joy, mbona suruali inakuanguka?"

Nikamwambia ni kazi. Nilikuwa nakula kuliko zamani, sahani mbili, na bado mashavu yaliendelea kuingia ndani. Nikipanda ngazi napumzika katikati. Akanipeleka hospitali, wakapima damu, wakapima sukari, wakapima kifua. Hawakupata kitu. Siku moja, kwa duka la chakula cha mifugo, nilipanda kwenye mizani ya magunia kwa mzaha. Mwenye duka aliangalia, akaacha kutabasamu. Gunia la viazi lililokuwa limeshushwa hapo kabla yangu lilinizidi.

Hapo nikaanza kuwaza yale ambayo nilikuwa nayakimbia.

Nilimpata tena yule mzee mahali pale pale, jua likiwaka, hakuna hata wingu. Sikumtambua mara moja. Koti lilikuwa lile lile, ila sasa limembana tumboni, vifungo vimevutika. Shingo ilikuwa imejaa. Mashavu yaling'aa.

"Daktari," akasema kwa upole, "umekonda."

Nilitaka kuondoka. Mguu wangu haukuwa na nguvu ya kukanyaga. Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akaingia. Na safari hii gari lilishuka. Lilishuka mpaka shokomzoba zikalia na tumbo la gari likagusa mawe. Nikahisi kitu kinanivuta kutoka ndani ya mifupa, kama vile unavyovuta uzi kwenye sweta.

Sijui nilitoka vipi. Najua nilikuwa nimeshika bonet kwa mikono miwili, naivuta.

"Acha hiyo," akasema kutoka ndani. Sauti ilikuwa bado ya upole. "Daktari, tulikubaliana. Acha hiyo."

Niling'oa waya. Niling'oa chupa pamoja na mpira wake, nikaimwaga barabarani. Alilia. Ulikuwa mlio ambao nimeusikia kwa ng'ombe anapopoteza ndama, na sikuwahi kuusikia kwa mtu. Nilipothubutu kuangalia, nyuma hakukuwa na kitu, lakini gari lilikuwa bado limelala chini. Kisha likaanza kuinuka, taratibu, taratibu, kama mtu anayeamka.

Nililiacha pale, nikashuka Lanet kwa miguu nikipumzika kila mara. Kesho yake fundi alinivutia gari mpaka nyumbani.

Sikukonda tena, lakini ule mwili wangu haujarudi. Nyambura amepunguza nguo zangu zote kwa mkono, na usiku akinigusa mbavu huurudisha mkono wake. Hayo ningeyavumilia. Linalonisumbua ni jingine.

Nililiuza lile gari. Nilirudisha kiti, nikarudisha spea, nikalisafisha, nikajiambia kwamba ubaya ulikuwa kwenye maji na maji nimeyamwaga. Alilinunua mwalimu wa Njoro, mama mpole anayeitwa Chebet. Miezi miwili baadaye akanipigia simu kunishukuru.

"Daktari, hii gari ulifanyia nini? Mafuta haiishi!"

Nilienda Njoro siku hiyo hiyo. Nilimkuta getini kwake, amejifunga mkanda uliotobolewa mashimo mapya kwa msumari. Nikamuuliza anambeba nani.

"Simbebi mtu. Mzee mmoja tu wa hapo njiani, asubuhi. Alinisaidia na maji siku gari ilipochemka. Kwani?"

Nilimweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Akanisikiliza, halafu akasema nimeona gari ni zuri, sasa nalitaka tena. Nikamwambia alichome moto, nitamrudishia kila alichonilipa. Akafunga geti. Nimeenda mara tatu tangu hapo. Mara ya mwisho hakutoka. Alinitazama dirishani, na uso wake niliuona umebaki macho tu.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari kuukuu huku kwetu, usiishie kukagua injini. Muulize mwenye gari kwa nini anauza, na umwangalie usoni anapojibu. Chebet aliniuliza. Nilimwambia watoto wamekuwa wengi, gari halitutoshi.

Nina mtoto mmoja.